Waliojenga Tena kwa Mikono Yao: Habari za Kutch Baada ya Tetemeko la Nchi

Tarehe 26 Januari, mwaka 2001, ilikuwa sikukuu katika Bara Hindi yote, kwa kuwa ndiyo siku ya kukumbuka Jamhuri. Watoto wa shule walikuwa njiani wakiandamana na bendera zao. Saa 2 na dakika 46 za asubuhi ardhi ya wilaya ya Kutch, katika jimbo la Gujarat, ikaanza kutikisika, nayo haikutulia upesi. Kipimo cha wataalamu kilikuwa 7.7. Katika mji wa Anjar watoto 185 na walimu 20 waliangukiwa na majumba ya pande mbili za uchochoro waliokuwa wakipita. Kwa hesabu ya Serikali, waliokufa katika jimbo zima walikuwa zaidi ya 13,800. Hesabu nyingine zafika karibu 20,000. Nyumba zilizobomoka au kuharibika zilipita milioni moja.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya siku hiyo. Machache yameandikwa juu ya miaka iliyofuata, wakati magari ya misaada yalipokwisha kuondoka na mwenyeji akabaki amesimama mbele ya chungu ya mawe iliyokuwa nyumba yake. Hapo ndipo penye habari ya kumfaa mkulima na karani wa nchi yo yote, kwani watu wa Kutch walipata jambo ambalo wenye msiba hawapewi mara nyingi, nalo ni kuaminiwa.

NCHI ISIYO NGENI

Jina la Kutch lajulikana Pwani tangu zamani. Kabla ya meli za moshi, majahazi ya bandari ya Mandvi yalikuwa yakija Zanzibar na Mombasa kwa pepo za kaskazi, yakishusha vitambaa, na kurudi kwa kusi yamepakia pembe na karafuu. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja katika karne ya 19, alizaliwa Lakhpat katika nchi hiyo hiyo. Tena waashi na makandarasi wengi wa Kihindi waliojenga maduka na majumba ya Nairobi na Mombasa, asili yao ni vijiji vya jamii ya Leva Patel vilivyo karibu na mji wa Bhuj. Basi habari ya tetemeko ilipofika, kilio kilisikika pande zote mbili za bahari, na michango ikaanza kwenda kutoka Afrika ya Mashariki na kutoka Uingereza.

Kutch ni nchi kavu. Mvua yake ni haba, na msimu uliotangulia tetemeko ulikuwa wa ukame. Mkulima wa huko hupanda uwele, pamba, njugu na mitende. Na upande wa kaskazini, katika mbuga za chumvi ziitwazo Banni, wafugaji huchunga ng'ombe na nyati wa kufugwa. Ni watu waliozoea kuhesabu hasara. Hata hivyo hasara ya dakika mbili tu ilikuwa kitu kingine.

MSONGE ULISIMAMA

Nyumba nyingi za vijijini zilikuwa za mawe yasiyochongwa, yaliyopangwa kwa udongo mtupu, na juu yake paa la vigae vizito. Ukuta wa namna hiyo hubeba mzigo wake miaka mingi maadamu mzigo wasukuma kwenda chini. Lakini nchi inapotikisika, mzigo husukuma kwa ubavu. Pembe nne za nyumba hufunguka kama sanduku lililong'olewa misumari, ukuta huangukia nje, na paa hushuka juu ya waliomo. Mijini mambo hayakuwa bora. Majumba ya ghorofa nyingi yaliyojengwa kwa pupa, yenye nguzo nyembamba na nafasi wazi chini ya kuwekea motokaa, yalianguka hata katika mji wa Ahmedabad, ulio mbali zaidi ya kilometa 200 na mahali tetemeko lilipoanzia.

Waliofika Banni siku zile waliona jambo la ajabu. Vijiji vingi vilikuwa vimesimama. Nyumba za huko huitwa bhunga, na mkulima wa Kenya akiiona moja ataitambua mara moja, kwa maana ni msonge: ukuta wa udongo wa duara, mnene na mfupi, na paa la nyasi lililochongoka, limeegemea nguzo ya kati iliyosimamishwa juu ya boriti. Duara haina pembe ya kufunguka. Nyasi ni nyepesi, na hata zikishuka haziui kama vigae. Si kwamba hakuna bhunga iliyopasuka. Zile zilizoachwa bila kukandikwa miaka mingi zilipata hasara. Lakini zilizotunzwa zilisimama, wakati wakubwa wa mji wa Bhuj walipokuwa wakilala nje katika baridi ya Januari.

Yasemekana kwamba ujenzi huo ulishika katika nchi baada ya tetemeko jingine, la mwaka 1819. Tetemeko hilo liliinua tuta refu la ardhi katika mbuga ya chumvi, wenyeji wakaliita Allah Bund, yaani tuta la Mungu, na maji ya mkono wa mto Indus yakazuiliwa yasifike Lakhpat, bandari iliyokuwa na mali nyingi. Lakhpat imebaki kuta na makaburi. Wafugaji wa Banni walibaki na msonge wao, na kwa muda mrefu wenye elimu waliuona kuwa alama ya umaskini. Baada ya mwaka 2001 walikuja kuupima kwa kamba na kuuchora katika karatasi. Chama cha Hunnarshala, kilichoanzishwa mjini Bhuj baada ya msiba, kilichukua udongo huo huo, kikauchanganya na simenti kidogo na kuushindilia kuwa matofali, na misonge mipya ikajengwa kwa matofali hayo.

VIJIJI VYAKATAA KUHAMA

Siku chache baada ya tetemeko lilitoka shauri la kuhamisha vijiji vilivyoangamia kabisa na kuvijenga upya mahali pengine, kwa mistari iliyonyooka na barabara pana. Katika karatasi ilionekana ni maendeleo. Lakini umoja wa vyama vya kujitolea uitwao Abhiyan, ambao ulikuwa umezaliwa baada ya kimbunga cha mwaka 1998, ulipeleka watu vijijini kuuliza wenyewe wataka nini. Karibu kila kijiji kilijibu kwamba hakiondoki.

Sababu zao hazikuwa za ukaidi. Mkulima akihamishwa kilometa tatu, atakwenda shambani asubuhi na kurudi jioni, na nani atalinda mazao usiku? Kisima kiko pale. Hekalu au msikiti uko pale, na hata ukianguka mahali pake pajulikana. Mdai na mdaiwa wakaa karibu. Tena mawe ya nyumba iliyoanguka ni mali: yaweza kujengea tena, lakini kuyasafirisha ni gharama. Serikali ya Gujarat ilisikia neno hilo na kugeuza shauri lake, na kwa jambo hilo yastahili sifa, maana si kila Serikali hugeuza shauri ambalo imekwisha kulitangaza.

Abhiyan ilifungua pia vituo vidogo vijijini vilivyoitwa Setu, maana yake daraja. Karani wa kituo alimsomea mwanakijiji amri za Serikali, akamwandikia malalamiko yake, na kumwonyesha fomu ipi ya kujaza. Kazi hiyo ya karani haikutiwa katika picha za magazeti, lakini huenda iliokoa nyumba nyingi kuliko mahema yote yaliyotumwa.

FEDHA KWA MAFUNGU MATATU

Februari mwaka 2001 iliundwa idara mpya ya jimbo ya kusimamia maafa, nayo ikapata mikopo ya Benki ya Dunia na ya Benki ya Maendeleo ya Asia. Mpango wake mkubwa ulikuwa huu: mwenye nyumba apewe fedha mwenyewe, ajenge mwenyewe, kwa namna apendayo, maadamu afuate kanuni za kuzuia nyumba isianguke tena. Fedha hazikutolewa zote kwa mara moja. Fungu la kwanza lilikuwa la kuanzia. Mwenye nyumba alipofika hatua iliyowekwa, injinia alikuja kukagua. Akiridhika, fungu la pili lilitoka, na la mwisho baada ya nyumba kukamilika. Fedha zilipitia benki, na kwa hiyo maelfu ya watu ambao hawajapata kukanyaga mlango wa benki walifunguliwa hesabu zao.

Kulikuwa na amri nyingine iliyoleta maneno mengi nyumbani: hati ya nyumba mpya iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Wazee wengine walinung'unika. Lakini kwa mwanamke ambaye mumewe angefariki, au angemfukuza, jina lile katika karatasi lilikuwa ukuta imara kuliko ule wa mawe.

Kanuni za ujenzi zenyewe hazikuwa ngumu kueleweka. Nyumba ya mawe au matofali ifungwe mishipi ya zege yenye vyuma ndani, mmoja juu ya msingi, mwingine juu ya milango na madirisha, na mwingine chini ya paa, ili kuta nne zishikane na kutikisika pamoja kama mtungi, zisiachane. Katika pembe kisimamishwe chuma kutoka msingini hadi juu. Katika ukuta wa mawe, yawekwe mawe marefu yanayopita toka ndani hata nje, yashike nyuso mbili za ukuta zisitengane. Kazi ngumu ilikuwa kumfanya fundi aamini. Mwashi aliyejenga miaka thelathini kwa njia ya baba yake hapendi kufundishwa na kijana mwenye kalamu sikioni.

Katika kijiji cha Patanka walipata njia njema. Mafundi waliletwa kutoka Nepal, nchi nyingine yenye matetemeko, wakafanya kazi bega kwa bega na waashi wa Gujarat. Fundi akamfundisha fundi, naye mwenye kalamu akakaa kando. Kisha vielelezo viwili vya nyumba viliwekwa juu ya jukwaa, kimoja cha namna ya zamani na kingine chenye mishipi, na jukwaa likatikiswa mbele ya watu wote. Baada ya hapo hapakuhitajiwa hotuba ndefu.

Haifai kusema kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Bei ya matofali na ya kazi ilipanda mara watu wote walipoanza kujenga kwa wakati mmoja. Wakaguzi wa kwanza waliopima hasara walifanya haraka, na watu wengi walilazimika kuomba nyumba zao zipimwe tena. Wenye sauti ndogo kijijini, yaani watu wa tabaka za chini, wajane na wasio na hati, walichelewa kupata walichostahili. Hata hivyo nyumba nyingi za Kutch zilizojengwa upya zilijengwa na wenyewe, na waliofanya uchunguzi miaka ya baadaye walikuta kwamba watu hao ndio walioridhika zaidi.

NYUMBA ZA MSAADA

Vijiji vingine vilichukuliwa na vyama vya hisani na makampuni, vikajengewa nyumba zote kwa wakati mmoja na makandarasi. Zilikwisha upesi, zikapakwa rangi, zikafunguliwa kwa sherehe na jina la mfadhili likaandikwa langoni. Lakini zilipangwa kama kambi ya askari. Mwanakijiji alipewa nyumba kwa bahati nasibu, akajikuta mbali na ndugu zake na karibu na mtu ambaye hawasemezani tangu enzi za babu. Hapakuwa na ua wa wanawake kukaa na kushona. Hapakuwa na mahali pa kufunga ng'ombe wala pa kuweka majani yake. Katika vijiji kadhaa watu walijenga tena nyumba zao za zamani taratibu, na zile mpya wakazifanya ghala au wakaziacha tupu. Si vizuri kuwalaumu wafadhili, maana nia yao ilikuwa njema. Lakini yatosha kuuliza kama kati yao alikuwako hata mmoja aliyepata kufuga ng'ombe.

MJI WA BHUJ

Shida ya mjini ilikuwa ya namna nyingine. Bhuj ya zamani ilikuwa ndani ya boma, nyumba zimebanana, vichochoro havipitishi gari, na siku ya tetemeko vilijaa mawe hata waokoaji wasiweze kupita. Kila mtu alikubali kwamba barabara zipanuliwe. Lakini ardhi ya barabara itoke wapi, ikiwa kila shubiri ina mwenyewe?

Wapimaji waliamua kupanga viwanja upya. Kila mwenye kiwanja alitoa sehemu yake kwa ajili ya njia. Mwenye kiwanja kidogo kabisa hakukatwa kitu, na mwenye kikubwa alikatwa zaidi. Mikutano ilikuwa mingi, na kelele pia. Watu walikaa miaka katika vibanda vya mabati wakingoja mipaka iwekwe. Wengine walihamia katika mitaa mipya iliyofunguliwa pembezoni. Mwishowe barabara zilipita, na mabomba ya maji na ya maji machafu yakalazwa chini yake.

Hospitali kuu ya mji ilikuwa imeanguka pamoja na wagonjwa wake. Ile mpya, iliyofunguliwa mwaka 2004, imekaa juu ya vikalio vya mpira na risasi, ili ardhi ikitikisika jengo lisipokee mtikisiko wote. Na hekalu kubwa la Swaminarayan, ambalo nalo lilianguka, lilijengwa upya kwa marumaru na kufunguliwa mwaka 2010, kwa michango ya waumini, wakiwamo wa ng'ambo.

Walioumia zaidi mjini ni wapangaji. Fedha za kujengea zilikuwa za mwenye nyumba, na mpangaji, hata angalikaa chumba kile miaka arobaini, hakuwa mwenye nyumba. Mwenye jengo mara nyingi alifurahi kupata kiwanja kitupu na hakujenga vyumba vya kupangisha tena. Miaka mingi baada ya wenzao kuingia nyumba mpya, familia za wapangaji zilikuwa zingali katika vibanda vya muda. Mpango uliomheshimu mwenye hati ulimsahau asiye nayo, na karani ye yote anayeishi katika chumba cha kupanga ataelewa uchungu wake.

KAZI MPYA, MASHAKA MAPYA

Nyumba pekee haimlishi mtu. Ili kuleta kazi, Serikali ya Bara Hindi iliwaondolea kodi kwa miaka kadhaa wenye viwanda waliokubali kuja Kutch. Walikuja wengi. Viwanda vya vyuma, simenti na nguo vikasimama kando ya barabara ambazo zamani zilikuwa na mbuzi tu, na bandari ya Mundra ikakua upesi mno. Vijana walipata mishahara, wageni wakaja kutafuta kazi, na bei ya ardhi ikapanda. Lakini wafugaji walianza kuona malisho yakizungushiwa waya, na wavuvi wa Mundra wakalalamika kwamba njia zao za kufikia bahari zazibwa. Swali hilo halijaisha.

WAPIGA CHAPA WA DHAMADKA

Katika kijiji cha Dhamadka, mashariki ya Bhuj, walikaa mafundi wa jamii ya Khatri, Waislamu ambao wazee wao waliingia kutoka Sindh katika karne ya 16 kwa mwaliko wa mfalme wa Kutch. Kazi yao ni ajrakh, kitambaa cha rangi ya nili na nyekundu, kinachopigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Mwanamke wa Pwani anayezijua kanga za zamani hahitaji kuelezwa kazi ya kibao. Kitambaa kimoja hupita hatua zaidi ya kumi, na karibu kila hatua yataka maji: kuloweka, kuchemsha, kusuuza mtoni. Nguvu ya rangi hutegemea maji yenyewe. Yakiwa na madini ya chuma kupita kiasi, nyekundu hugeuka na nili huchafuka.

Mto wa Dhamadka ulikuwa umekwisha kukauka kabla ya msiba, na mafundi walikuwa wakitegemea visima. Tetemeko lilibomoa karibu kijiji chote, likaua watu wa nyumba zao, na baada yake maji ya visima yakawa na chuma nyingi. Kwa mafundi hao hoja ya vijiji vingine ya kutohama haikufaa, kwa sababu kilichowaweka pale kilikuwa maji. Dr. Ismail Mohmed Khatri na wenzake wakapima maji mahali mbalimbali, wakanunua ardhi karibu na Bhuj, na kuanzisha kijiji kipya wakakiita Ajrakhpur, yaani mji wa ajrakh. Hakuna aliyewaamuru, wala hakuna aliyewachagulia mahali.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu, wakijenga nyumba mchana na kutafuta wanunuzi jioni. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha De Montfort, kilichoko Leicester katika Uingereza, kilimpa Ismail Khatri digrii ya heshima ya udaktari kwa ujuzi wake wa rangi na vitambaa. Wanunuzi wa Delhi na wa ng'ambo walianza kufika. Mwaka 2016 shirika la Shrujan, ambalo tangu mwaka 1969 limekuwa likiwasaidia wanawake wa Kutch kuuza nguo zao za tarizi, lilifungua huko jumba la maonyesho na mafunzo ya kazi za mikono. Sasa shida ya Ajrakhpur ni ile ile ya zamani: mafundi wameongezeka, na maji ya chini yazidi kushuka.

Familia nyingine za Khatri hazikuondoka Dhamadka. Walijenga tena juu ya viwanja vyao, wakatafuta njia ya kuendelea, na hata leo ajrakh yatoka katika vijiji vyote viwili.